Dole Gumba

Karani alinisogezea kisahani cha wino
kama kawaida, bila kunitazama.
Wino wa zambarau. Sponji imelika katikati
kwa vidole vya Kitangari nzima.

Tangu nilipoolewa natia dole,
na dole lenyewe lina kasoro:
miaka ishirini ya kubangua korosho,
utomvu wa ganda umelamba mistari yote,
limebaki laini kama sabuni iliyokwisha.
Karani wa zamani alikuwa akinuna:
"Bibi, mbona hapa haonekani mtu?"
Nami nikicheka naye. Nilicheka, jamani.

Darasa letu ni ghala la chama cha msingi
miezi ambayo magunia hayapo.
Ubao ni mlango wa marehemu Chilumba,
tumeupaka unga wa betri kuukuu na uji wa muhogo.
Taa tunaianika mchana juu ya bati la Mama Likwata,
jioni inakuja kichwani mwa mjukuu.
Miwani ni moja. Watu kumi na mmoja.
Inazunguka kama kata ya maji:
ukimaliza mstari wako unampa jirani,
unangoja, herufi zikirudi kuwa siafu.

Mwalimu ni Zamda. Kidato cha nne, sifuri.
Tunamlipa mayai, na palizi moja kila mwaka.
Siku ya kwanza niliandika *lisiti*.
Akasema, Mama Somoe, ni *risiti*.
Nikasema, ndivyo nilivyoandika.
Wiki nzima nikautetemesha ulimi shambani
mpaka ndege wakanihama.

Mzee Nandonde yeye alitaka Kiingereza.
Tukamcheka: utamsalimu nani?
Akatandaza sakafuni mfuko mtupu wa salfa,
ile ya kupulizia mikorosho,
wenye maneno mengi kuliko khutba ya Idi.
"Fuvu hili nalijua kwa sura," alisema.
"Nataka kujua linasema nini."
Zamda naye hakujua yote.
Akaazima kamusi kwa mganga wa zahanati,
tukausoma mfuko siku tisa,
neno kwa neno, kama wachambua mchele.
*Macho.*
*Pumzi.*
*Usiutumie tena mfuko huu.*
*Watoto.*
Siku ya *watoto* Mama Likwata alitoka nje.
Mifuko ile ndiyo aliyokuwa akiwatandikia wajukuu.

Mimi nilirudi nyumbani nikafungua kopo
la karatasi za marehemu mume wangu.
Kilo themanini na nne, imeandikwa.
Nakumbuka jioni ile: aliniambia arobaini na nane.
Alidanganywa, au alinidanganya?
Kusoma kumenipa swali,
hakukunipa wa kumwuliza.

Basi nikakirudisha kile kisahani. Nikasema: peni.
Foleni ikaguna. Jua la Oktoba, magunia miguuni.
S ikapinda kwapani.
O ikatoka kama yai la kanga.
M ikaniangusha bondeni, nikapanda tena.
"Huyu mama vipi?" kijana mmoja akauliza.
Mzee Nandonde akajibu kutoka mwisho wa mstari,
maana yeye alikuwa akihesabu:
"Mwacheni. Yuko kwenye o ya pili."
Wengine wakainuka kwa ncha za vidole
kuitazama e ikija.

Karani akaigeuza karatasi, akasoma,
akainua uso.
"Somoe ndiye wewe?"

Ndiye mimi.
Na hiyo tatu ya makato, mwanangu,
iache mdomo wazi sana,
usiku isije ikaufunga ikawa nane.